Nikitia mu Moto, Hairudi

Zaina alinipigia simu siku ya tano baada ya baba yake kuzikwa. Alikuwa amefika kutoka Ndola akiwa amekwisha kukosa maziko, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. Tulijuliana hali, halafu akasema jambo ambalo nilikuwa naliogopa kwa miaka kumi na saba. "Mado, siku ya arobaini tutakusanyika bote kwa Papa, kule Naviundu. Ulete ile sauti yake. Batoto yangu habamujue muzuri babu yao. Nataka basikie vile alikuwa anasema." Nikajibu upesi, kama mtu aliyeulizwa na jirani kama ana chumvi ndani ya nyumba: "Nitaleta." Simu ilipokatika nilikaa juu ya kiti cha jikoni nikajiuliza kwa sauti: we Mado, utaleta nini?

Sauti hiyo sina. Nilikuwa nayo kwa miezi saba ya mwaka mmoja, nikaipoteza kwa siku tatu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetembea miaka kumi na saba, imevuka mpaka wa Zambia kwa simu sijui mara ngapi, wala haijachoka. Kila Zaina aliponiuliza, "Sauti ya Papa iko?" nilijibu, "Iko, usiwe na shaka." Na mara nyingi, wakati nasema maneno hayo, mkono wangu wa pili ulikuwa unakoroga uji ndani ya sufuria moja ndogo ya alumini ambayo simruhusu mtu mwingine kuiosha. Nitafika kwenye hiyo sufuria. Kwanza niseme juu ya mwaka wenyewe, kwa sababu hata leo, mimi mwalimu mzima ninayesomesha watoto wa Ruashi kila asubuhi, bado sielewi vizuri ni kitu gani kilitokea.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, niko mwaka wa mwisho chuoni, naandika ile kazi ndefu ya kumaliza masomo tunayoiita mémoire. Nilikuwa nimechagua kuandika juu ya mafundi wanaosubu sufuria kwa alumini iliyoyeyushwa, na fundi niliyemjua ni mmoja tu: Papa Amisi, baba wa rafiki yangu Zaina, ambaye nilikalia naye benchi moja tangu sekondari. Kompyuta nilipewa na mama mmoja wa mtaa wa Golf, niliyekuwa nafundisha watoto wake hesabu. Walikuwa wanahama, akanisukumia mkononi ile mashine ya kubeba, nzito kama tofali mbili, herufi ya A imeng'oka, betri inashika nusu saa ikiwa imeamka vizuri. Kwangu mimi ilikuwa utajiri. Nilishona mfuko wake kwa kipande cha kitenge, nikawa naupakata kama mtoto.

Jinsi tulivyofanya kazi ilikuwa hivi. Papa Amisi hakutaka mashine ile ikae uani, akisema vumbi la makaa litaiua kabla ya wiki kwisha. Basi kompyuta ilikaa ndani, juu ya kitanda cha Zaina, na waya wa kipaza sauti ulipita dirishani ukaning'inia juu ya kamba ya nguo, karibu na mahali alipokuwa anachuchumaa kupanga mchanga wa kusubia. Zaina alikaa kitandani kuangalia kama ile mistari ya kijani inarukaruka, na mimi nilikaa nje na daftari. Papa Amisi aliongea huku anazungusha feni yake ya mkono ya kupulizia makaa, aliyoifunga kwenye gurudumu la baiskeli, na feni ile ilikuwa inalia kwii, kwii ndani ya kila sauti niliyonasa. Kuna siku ukisikiliza ungesikia wateja wanabishana bei, kuna siku adhana, kuna siku Mama Zaina akiita toka jikoni, "Amisi! Bukari inakuwa baridi, na hao batoto banakufa na njaa juu ya maneno yako!" Na yeye anamjibu taratibu: "Moto hainaka haraka, mama. Haraka iko na muntu." Halafu tulikula wote wanne uani, bukari, ndio ugali wetu, na dagaa wa kapenta na mboga ya lengalenga, yeye akiendelea kusema na mdomo umejaa, na mimi nikisikitika kwamba Zaina amekwisha kuzima mashine.

Alinifundisha mambo ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote. Kwamba sufuria ikitoka kwenye mchanga huitazami kwanza, unaigonga kwa kidole na kusikiliza. Iliyo nzima inaitika, yenye ufa inakohoa. Kwamba vyuma vya watu si vyuma tu. Watu walimletea vifuniko vilivyopinda, birika bovu, sehemu za injini, na wengine walileta sufuria ya mama aliyekufa kwa sababu nyumba imejaa. Zamani, alisema, alimyeyushia mjane mmoja sufuria za mumewe, na kesho yake mjane akarudi analia anazitaka. Tangu siku hiyo alikuwa na sheria yake. Kabla ya kutia kitu cha mtu motoni, anauliza mara tatu: "Nikitia mu moto, hairudi. Unakubali?" Anauliza mara ya kwanza, anauliza ya pili, halafu anakohoa kidogo, anageuza uso pembeni, anauliza ya tatu kwa sauti ya chini. Mwenye kitu akisita hata kidogo, Papa Amisi habishani naye. Anasema, "Basi, ingojee paka kesho," yaani mpaka kesho, anakiingiza chini ya kitanda chake. Chini ya kile kitanda mlikuwa na birika, feni, sahani, hata mguu wa cherehani, vitu vya watu wasiojua wanataka nini. Mama Zaina alikuwa analalamika kwamba analala juu ya duka.

Sauti zilifika arobaini na moja. Nilipotaka kunasa ya arobaini na mbili, mashine ikaniandikia kwa Kifaransa kwamba nafasi imekwisha. Nikafuta nyimbo. Nikafuta picha za harusi ya binamu yangu, na Mungu anisamehe, yeye hajui. Siku mbili baadaye nafasi ikaisha tena, kabla hata hiyo ya arobaini na mbili haijakamilika. "Futa zile sauti za kwanza," alisema mwanafunzi mwenzangu mmoja. Zaina akaruka toka kitandani: "Afute nini? Sauti ya Papa? Mado, ukifuta ata moja, mi na weye kwisha!" Alikuwa anatania, lakini alinishika mkono kwa nguvu. Alikuwa amechumbiwa na mfanyabiashara wa Ndola, harusi ilikuwa mwisho wa mwaka, na siku ile ndipo nilipojua kwamba kazi yangu ya shule kwake ilikuwa kitu kingine kabisa. "Nikienda kule," alisema, "njo utanipatiaka hii," yaani hii ndiyo nitakayompa. Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa jina la Mungu, na mikono yote miwili.

Basi nikaenda kwa Trésor. Trésor alikuwa fundi wa kompyuta mwenye meza yake mjini, chini ya mwavuli mkubwa, na mswaki wa kusafishia vumbi nyuma ya sikio. Akaniambia mashine haina ugonjwa, ni tumbo tu limejaa. Tutaondoa diski ndogo ya giga arobaini, tutatia ya giga mia moja sitini. Akageuza kompyuta, akafungua skrubu mbili, akainua kifuniko kidogo cha chini, akaivuta nje ile diski. Nilishangaa. Miezi saba ya Papa Amisi, feni yake, adhana zake, bukari ya Mama Zaina, vyote vilikuwa ndani ya kitu kisichozidi pakiti ya biskuti! Halafu akaniwekea mkononi ile mpya. Ilikuwa vilevile. Urefu uleule, unene uleule.

"Trésor," nikamwambia, "mi nilitaka ya mukubwa."

"Njo hii, ya Mado," akajibu, akiniita dada kwa heshima.

"Lakini iko sawasawa na ile! Ukubwa iko wapi?"

"Iko ndani."

"Ndani wapi, na ndani iko sawasawa na inje?"

Alicheka mpaka jirani yake muuza chaja akageuka. Mimi sikucheka. Nilihisi naibiwa mchana kweupe, na wakati uleule nilihisi mimi ndiye mjinga. Hisia hizo mbili zilinifuata mwaka mzima, zimeshikana mikono, na nadhani ndizo zilizoniponza, kwa sababu mtu anayeona haya kwa ujinga wake hathubutu tena kuuliza swali la pili. Trésor alifunga diski mpya, akaipakia mashine programu zake zote upya, kisha akaitia diski ya zamani ndani ya kisanduku chenye waya, akaiunganisha pembeni. "Sasa tuhamishe. Bintu yako iko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole: iko pale mbele, kwenye ile sura ya kwanza unayoiona ukiwasha, ndani ya folda yenye jina la Papa Amisi. "Ni paka hii?" akauliza, yaani hii tu. "Byote biko mule?" Nikajibu: "Byote. Mi njo nilibipanga." Na kweli, mimi ndiye niliyepanga. Kuna mtu aliyenifundisha kubofya hivi na hivi ili kila sauti ionekane pale mbele, nisiitafute mbali.

Kilichonishangaza ni upesi. Nilikuwa nimebeba mkate na soda nikijua tutakaa mpaka jioni, na ile folda ikahamia kabla sijafungua soda. "Imekwisha?" nikauliza. "Imekwisha," akasema Trésor, naye akakunja uso kidogo, lakini mteja mwingine alikuwa anamwita. Nikahesabu majina: arobaini na moja. Chini ya kila jina palikuwa na kamshale kadogo kamepinda. Nilijiambia kamshale hako labda ni alama kwamba kitu kimehama. Trésor akanifungia diski ya zamani ndani ya mfuko wa mkate, akaniambia, "Ubeke muzuri hii kwanza, ya Mado. Usitupe." Nikasema ndiyo. Sikuuliza kwa nini nitunze kitu kilichohamwa.

Toka mjini nilipitia Naviundu moja kwa moja. Ilikuwa Ijumaa, Papa Amisi ametoka msikitini, amevaa bado kanzu yake, na Zaina alikuwa amekaa kwenye mkeka akisukwa nywele na jirani. Nilikuwa na furaha ya kujionyesha. Niliitoa ile diski kwenye mfuko wa mkate nikaielezea kana kwamba mimi ndiye Trésor. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akaigonga kwa kidole, akasikiliza. "Ni alumini," akasema. Halafu akaniuliza swali ambalo hata leo naona lilikuwa swali la mtu mwenye akili kuliko sisi wote.

"Mama, sauti yangu ilikuwa umu ndani. Sasa imehama, iko mule mu mupya. Umu imebakia nini?"

Sikujua. Trésor alikuwa amesema "kuhamisha", na pia alikuwa amesema "kopi", na haya ni mambo mawili, lakini mimi sikuwa nimeyatenga. Kwa Papa Amisi kulikuwa na njia moja tu: ukimimina chuma toka kalibu, kile chungu cha kuyeyushia, kwenda kwenye mchanga, kalibu inabaki tupu, na kama haiko tupu hukumimina. Nilimwona ananingojea. Mwalimu wangu wa chuo angenicheka, Trésor amekwisha kunicheka, sikutaka na fundi wa sufuria naye anicheke. Nikasema: "Haina kintu, Papa. Iko bule."

"Basi unipatie. Nitakutengenezea kintu."

"Chukua, Papa."

Akaacha kutabasamu. "Nikitia mu moto, hairudi. Unakubali?"

"Ndiyo, Papa."

"Nikitia mu moto, hairudi. Unakubali?"

"Ee, Papa, ndiyo!" Zaina alicheka toka kwenye mkeka, akasema, "Papa, utafikiri ni talaka." Mzee hakugeuka. Akakohoa, akaangalia pembeni, akasema kwa sauti ya chini: "Mutoto yangu. Nikitia mu moto, hairudi. Unakubali?" Na mimi, jamani, nilikuwa naangalia saa. Nilitaka kuwahi nyumbani kabla umeme haujakatwa. Nikasema ndiyo ya tatu nikiwa nimekwisha kusimama.

Umeme ulikuwa umekatika kabla sijafika, betri ilikuwa imekwisha kwa Trésor, na mtaa wetu haukuupata tena mpaka Jumapili. Nilipotoka kanisani nikakuta taa zinawaka. Nikawasha mashine nikiwa bado na viatu, nikabofya sauti ya kwanza. Mashine ikaniambia haioni kitu ninachotafuta. Nikabofya ya pili. Ya tatu. Nilibofya zote arobaini na moja, moja moja, kama mtu anayebisha hodi mlango kwa mlango kwenye mtaa uliohama usiku. Jirani yetu, mwanafunzi wa ufundi, ndiye aliyenieleza akiwa amesimama mlangoni na sahani yake ya wali. Zile hazikuwa sauti. Zilikuwa njia za mkato tu, vibao vya kuonyesha kwamba kitu kiko kule. Na kule kwenyewe ni ndani kabisa ya diski ya zamani, mahali programu ilipokuwa inazihifadhi. "Haina shida," akasema, "leta ile ya zamani tu." Nikamwacha na sahani yake nikakimbia.

Nilifika Naviundu jasho linanitoka kwenye nguo ya kanisani. Papa Amisi alikuwa anaufukua mchanga. Palikuwa na sufuria tano kubwa mstarini na ndogo moja pembeni, bado ina vumbi. Aliponiona akacheka kwa furaha ya kweli, meno yote nje. "Nani alikuambia? Nilitaka nikuleteye miye mwenyewe!" Akaiinua ile ndogo, akaipangusa kwa shati lake. Akaniambia diski ilikuwa ndogo, kwa hiyo aliongezea vifuniko viwili vya zamani. Na kwamba alipoipiga nyundo ndani mlikuwa na kisahani kama kioo, kikapasukapasuka, vipande akavitupa shimoni. Kisha akaigonga sufuria kwa kidole, akanisogezea sikioni. Iliitika. Iliitika vizuri sana.

"Utapika na bwana yako," akasema. "Utamwambia, umu ndani njo Papa Amisi alikuwa anasema."

Nilijua nikisema ukweli, uso ule utaanguka, na nitakuwa mimi niliyeuangusha kwa ndiyo tatu. Nikasema, "Aksanti, Papa." Nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa bado na joto.

Usiniulize kwa nini sikunasa upya. Mzee alikuwa hai, waya ulikuwepo, nafasi sasa ilikuwa kubwa mpaka inanitia uchungu. Nilijaribu. Wiki iliyofuata nilimwendea na maswali yaleyale, nikijifanya nataka kuhakikisha. Akanitazama. "Ile maneno nilikwisha kukupatia. Unataka nirudilie kama mulevi?" Ningeweza kumwambia kwa nini. Neno moja tu lilihitajika. Nilirudi tena kwa Trésor nikamwuliza kama vitu vilivyopotea vinaweza kurudishwa. "Byote binarudiaka," akasema kwa majivuno, "kama disque iko. Iko wapi?" Nikamjibu, "Imekuwa sufuria." Alinitazama, akakaa juu ya dumu lake la maji, akacheka mpaka machozi. Kisha alipoona kwamba mimi machozi yangu si ya kicheko, akaanza kufuta meza kwa ule mswaki bila sababu. Ndiye aliyenieleza kwamba sauti hazikuwa kwenye lile ganda la alumini hata kidogo. Zilikuwa kwenye kile kisahani cha kioo. Maana yake hata sufuria haina kitu. Iliyomo shimoni ndiyo sauti, na niliyonayo mimi ni nyumba yake. Kwa hiyo mzee alikosea, nami nilikosea, na sufuria inaitika bure. Au haiitiki bure? Nimepika ndani yake miaka yote hii na sijapata jibu.

Mémoire niliimaliza kwa daftari zangu. Nilipoitetea, mmoja wa walimu akaniuliza sauti zimehifadhiwa wapi, nikasema, "Zimehifadhiwa." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Nje walinimwagia unga mweupe kichwani kama desturi, Papa Amisi amevaa koti, Zaina anapiga vigelegele, na nikiwa nimefumba macho kwa ajili ya unga akaninong'oneza sikioni: "Sauti ya Papa iko?" Nikasema, "Iko." Hiyo ilikuwa ya pili. Mwezi uliofuata akaolewa, akaenda Ndola. Sikuhesabu tena.

Siku ya arobaini nilivaa kitenge cheusi, nikaifunga sufuria ndani ya kitambaa, nikaenda. Uani kwa Papa Amisi palikuwa pamejaa mikeka, wanaume wanamaliza dua, akina mama wanapakua wali wa mbuzi. Gurudumu la baiskeli lilikuwa limeegemezwa ukutani. Wajukuu wake watatu walikuwa wamekaa mstari mmoja, mmoja wao ameshika kispika kidogo kilichochajiwa tayari kwa ajili yangu. Nikamshika Zaina mkono, nikamwomba tuingie ndani. Tuliingia chumbani kwa baba yake, tukakaa ukingoni mwa kitanda.

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa kurukaruka, nikianza na Trésor, nikirudi kwa mama wa Golf, nikilia kabla ya mahali pa kulia. Yeye hakunikatiza.

"Nilikuwa pale," akasema mwishowe. "Balikuwa bananisuka. Alikuuliza mara tatu."

"Mara tatu."

"Na mi nilicheka." Akajifuta uso kwa ushungi. Halafu hasira ikampanda, nami niliijua ingekuja. "Lakini Mado! Hii miaka yote! Papa alikuwa muzima, nilikuwa nakuya hapa kila mwaka, mi na telefone mu mukono. Ningemurekodi miye mwenyewe! Sikumurekodi juu nilijua weye iko nayo!"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Naapa, katika miaka yote ya kujilaumu kwa sababu ya diski, hilo sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Nilikuwa nadhani nimempoteza Papa Amisi mara moja, mwaka ule. Kumbe nilikuwa nampoteza kila mwaka, kila niliposema iko. Nikafungua kitambaa, nikamwekea sufuria mapajani.

Aliigeuzageuza. Akaona mahali chini ambapo baba yake alikuwa ameisugua kwa mchanga zaidi kuliko desturi. Akaigonga kwa kidole, akasikiliza, na sikuweza kusoma uso wake.

"Hii nitaichukua," akasema. "Nitaenda nayo Ndola. Batoto bataikulia." Kisha akaishika kwa mikono miwili, akanitazama usoni. "Nikiichukua, hairudi. Unakubali?"

"Ndiyo," nikasema. Ningekataaje?

"Nikiichukua, hairudi. Unakubali?"

"Ndiyo, Zaina."

Akakohoa kidogo. Akageuza uso pembeni, upande wa dirisha. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, taratibu, ileile niliyokuwa nimeisikia mara ya mwisho katika chumba hiki miezi sita nyuma, mzee akiomba maji. "Mutoto yangu," akasema. "Nikiichukua, hairudi. Unakubali?"

Safari hii sikuwa na haraka ya kwenda popote. Nilitazama sufuria, nikamtazama yeye, sikujua ninachotaka. Nikasema: "Ngoja kwanza."

Zaina hakunikumbatia, wala hakusema amenisamehe. Aliinama tu, akasukuma birika moja bovu pembeni kupata nafasi, akaiingiza sufuria chini ya kitanda cha baba yake.

"Basi," akasema, "ingojee paka kesho."